Kutoa mti na kisiki uani: amua kwanza kisiki kitaishaje, ndipo uwashe msumeno

#1 Gogo_Kuu

Wadau, maswali ya kutoa miti uani yanajirudia, na karibu yote huja mti ukiwa umeshalala na kisiki kimekatwa usawa wa kifundo cha mguu. Hapo nusu ya njia nzuri zimeshafungwa. Kwa hiyo uzi huu naupanga kinyume: tunaanza na kisiki, halafu tunarudi kwenye mti.

Kisiki kina njia tano za kuisha: kuchimbuliwa, kusagwa kwa mashine, kuuawa kwa dawa na kuachwa, kuozeshwa polepole, au kuchomwa. Kila njia ina urefu wake wa kukata shina:

Ukitaka kuchimbua kwa mikono au kuvuta kwa winchi, bakiza shina la mita 1 hadi 1.5. Huo ndio wenzo wako. Kamba ikifungwa juu ya shina la mita 1.2, nguvu ile ile inayumbisha mizizi kuliko ikifungwa kwenye kisiki cha sentimita 20, ambacho huna hata pa kukishika.

Ukitaka dawa, kata sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini, mkato uwe tambarare ili dawa isiteremke upande mmoja, na dawa iwe imeshapimwa na brashi iko pembeni kabla hujakata.

Kusaga na kuozesha: kata chini kadiri uwezavyo bila mnyororo kugusa udongo. Mchanga unaua makali ya msumeno kwa sekunde chache. Piga gome la chini brashi na ulioshe kwa maji kwanza.

Kuchomwa nitaacha wengine waseme. Mimi siipendi njia hiyo uani.

Jambo la pili ni kujua urefu wa mti. Chukua kijiti, kishike wima mkono ukiwa umenyooka, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi. Rudi nyuma mpaka ncha ya kijiti ilingane na kilele na ngumi ilingane na tako la mti. Kwenye ardhi tambarare, umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ndio urefu wake kwa makadirio. Ongeza mita 2 au 3 za tahadhari. Kila mtu asiyekata akae umbali wa mara mbili ya urefu huo.

Mti ukiweza kufikia waya wa umeme ukianguka, au tawi lake likiweza kuufikia, hiyo si kazi yako wala ya kijana mwenye panga. Mwite mwenye laini ya umeme. Hivyo hivyo kwa mti uliokufa zamani, wenye uvimbe wa kuvu kwenye tako, au unaolia kama mtupu ukiupiga kwa nyuma ya shoka. Bawaba, yaani ukanda wa mbao usiokatwa unaouelekeza mti unapoanguka, atakayoieleza mdau anayefuata, haifanyi kazi kwenye mbao iliyooza.

Na kabla ya yote, uliza mamlaka ya eneo lako kama mti huo unahitaji kibali, na hakikisha uko upande wako wa mpaka. Mti uliosimama juu ya mstari wa mpaka una wenyewe wawili.

#2 Kabari

Nichukue kipande cha kuangusha. Hapa nazungumzia mti wa shina lisilozidi sentimita 40, uliosimama wima au ulioegemea kidogo tu, na wenye nafasi wazi ya kulala.

Kwanza soma uzito. Usitazame shina peke yake, tazama taji. Mti wima wenye matawi mengi upande wa mashariki utataka kwenda mashariki. Uzunguke na uutazame kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba.

Fyeka kuzunguka shina, kisha andaa njia mbili za kukimbilia, nyuma ya mti kwa mshazari, nyuzi 45 kushoto na kulia kutoka mstari wa nyuma. Usikimbie nyuma moja kwa moja, kwa sababu tako la mti linaweza kurushwa huko.

Mikato ni mitatu. Miwili ya mbele inafanya mdomo, na wa tatu ni wa nyuma.

Mdomo uelekee unakotaka mti ulale. Kina chake ni kati ya sehemu moja ya tano na moja ya nne ya kipenyo. Kata wa juu kwanza kwa mshazari, kisha wa chini, na ikutane kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mdomo ulio wazi nyuzi 70 au zaidi ni bora kuliko wa 45, kwa sababu unaendelea kuuongoza mti karibu hadi chini. Mdomo mwembamba hujifunga mapema, bawaba inakatika mti ukiwa bado hewani, na hapo hakuna anayeuongoza tena.

Kosa ninaloliona kwenye visiki vingi: mkato mmoja wa mdomo kuzidi mwingine pale inapokutana. Ufa huo mdogo unafanya mdomo ujifunge mara moja. Ukizidisha, safisha mdomo upya.

Mkato wa nyuma uje usawa wa kona ya mdomo kama mdomo uko wazi sana, au sentimita 2.5 hadi 5 juu ya kona kama ni mdomo wa nyuzi 45. Usikate mpaka ukutane na mdomo. Acha ukanda wa mbao ambao haujakatwa, unene wake kama asilimia 10 ya kipenyo, upana sawa kutoka upande hadi upande. Hiyo ndiyo bawaba, na inafanya kazi kama ya mlango: inauelekeza mti unapozunguka. Kwa shina la sentimita 30, mdomo ni sentimita 6 hadi 7, bawaba ni 3, na mkato wa nyuma unaingia kama sentimita 20. Weka alama kwa chaki kabla ya kukata, usikisie msumeno ukinguruma.

Mkato wa nyuma ukiingia vya kutosha, piga kabari nyuma ya upau (bamba refu linalobeba mnyororo wa msumeno) ili mti usikae na kubana msumeno. Kabari ziwe za plastiki au mbao ngumu. Ya chuma ikiguswa na mnyororo unaokimbia, kitakachoruka ni meno.

Miti ya uani ina ugonjwa wake: misumari, waya wa kuanikia nguo, seng'enge iliyomezwa na gome. Kagua mita 2 za chini. Doa jeusi au la samawati kwenye mbao iliyokatwa ni dalili ya chuma kilicho karibu. Simama, badilisha urefu wa kukata.

Vaa kofia ngumu yenye wavu wa uso, kinga ya masikio, suruali ya kuzuia mnyororo na buti zenye ncha ya chuma. Usikate kwa robo ya juu ya ncha ya upau, hapo ndipo msumeno unapokurukia usoni. Usiwashe msumeno ukiwa umeuning'iniza mkononi. Uweke chini, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, mguu kwenye mshikio wa nyuma.

#3 Nyasi_Ndefu

Asanteni sana wakuu. Swali: mti umeegemea upande wa nyumba, shina lina kama sentimita 35. Nikifunga kamba kwenye gari na kuvuta upande wa pili huku mtu anakata, si utakuja?

#4 Kabari

Mkuu Nyasi_Ndefu, usifanye hivyo. Nikupe sababu ili usishawishike na mtu mwingine.

Gari linavuta kwa mishtuko. Likivuta mapema, bawaba inakatika mkato ukiwa haujakamilika, au shina linapasuka wima na kipande cha nyuma kinaruka kwa nguvu kwa aliyeshika msumeno. Likichelewa au tairi zikiteleza kidogo, mti unarudi nyumbani kwake, yaani kwenye paa lako. Dereva naye haoni bawaba.

Kamba inasaidia mti wima au ulioegemea kidogo sana. Inafungwa kwenye thuluthi mbili za urefu, inakazwa kwa winchi ya mkono taratibu, na inapitishwa kwenye kapi lililofungwa kwenye mti mwingine ili mvutaji asimame nje ya sehemu ambayo mti utalala. Kamba iwe angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kamba ya poliesta ni bora kuliko ya nailoni, kwa sababu nailoni inanyumbuka na ikikatika inarudi kwa kasi ya kuvunja mfupa.

Mti ulioegemea nyumba kwa wazi unashushwa vipande vipande kutoka juu, na mpandaji aliyefunzwa, mwenye mkanda na kamba mbili. Uzito ndio unaodanganya watu. Mbao mbichi ina takribani kilo 800 hadi 1,100 kwa mita ya ujazo. Tawi la kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 3 ni kama kilo 90. Gogo la sentimita 50 lenye urefu wa mita 1 ni karibu kilo 200. Hakuna anayedaka hivyo kwa mkono.

Matawi madogo unayoweza kuyafikia ukiwa chini kwa msumeno wa mpini mrefu, yakate kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie robo hadi thuluthi, wa pili kutoka juu, sentimita chache nje zaidi ya ule wa kwanza, tawi litakatika bila kuchana gome, wa tatu unaondoa kipande kilichobaki. Ngazi na msumeno wa injini havikai pamoja. Tawi likiondoka, lililobaki linapanda juu kwa kupunguziwa mzigo, na ngazi inabaki haina pa kuegemea.

#5 Sururu

Kisiki sasa. Mimi ni wa kuchimbua, kwa sababu kinachotoka hakirudi. Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu ukubwa: kisiki cha sentimita 10 hadi 25 ni kazi ya mikono, cha 25 hadi 40 kinahitaji winchi na watu wawili, zaidi ya hapo tafuta mashine.

Siku moja kabla, loweka ardhi kuzunguka kisiki. Udongo uwe laini, usiwe tope.

Mizizi mingi minene iko kwenye sentimita 60 za juu. Watu wanaogopa mzizi mkuu wa katikati, lakini kwa miti mingi iliyokomaa kinachokishika kisiki ni mizizi ya pembeni mitano hadi kumi na mmoja, pamoja na ile inayoshuka wima kutoka humo. Kwa hiyo kazi iko pembeni.

Kwa kisiki cha sentimita 30, chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 70 hivi kutoka katikati. Chimba mfereji ndani ya duara hilo, upana sentimita 40, kina 50 hadi 60. Upana huo si anasa, ni nafasi ya shoka kuzunguka. Wanaochimba mfereji mwembamba hujikuta wanagonga kuta za udongo kutwa nzima.

Kila mzizi ukatwe mara mbili: kwanza upande wa nje wa mfereji, kisha karibu na kisiki, halafu utoe kipande. Ukikata mara moja tu, ncha mbili zinabaki zikizuiana na kukuzuia. Mizizi chini ya sentimita 3 ni ya mkasi wa matawi au sururu yenye ubapa wa jembe. Ya 3 hadi 8 ni shoka. Minene zaidi, tumia msumeno wa mkono wenye meno makubwa. Usitie msumeno wa injini ardhini. Kama una bomba lenye msukumo mzuri, suuza udongo kwanza ili makali yakutane na mbao tupu.

Pembeni ukimaliza, chimba chini ya kisiki kwa mtaimbo kutoka pande mbili zinazotazamana. Kisha shika lile shina la mita 1.2 na ulisukume huku na huku. Litakuambia liliposhikwa: upande usioinuka ndio wenye mzizi uliobaki.

Ukitumia winchi, funga mnyororo juu ya shina, weka kapi kwenye shina lenyewe na urudishe waya kwenye nanga. Kapi moja linalotembea na mzigo linakaribia kuzidisha nguvu mara mbili, ukiondoa msuguano. Nanga iwe mti mkubwa ulio hai, ufungwe chini kabisa kwa mkanda mpana ili gome lisichanwe. Nguzo ya nyumba au ya uzio si nanga. Tandika gunia lililolowa juu ya waya uliokazwa, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa waya wala ndani ya pembe inayofanywa na kapi.

Kisiki kikigoma, acha kuongeza nguvu, rudi na shoka. Kuna mzizi hujauona.

#6 Bustani_Kijani

Sururu umeeleza vizuri sana, ila kuna mahali kuchimbua ni kosa. Kisiki kilicho juu ya mteremko, ukingo wa ukuta wa kuzuia udongo, au sentimita chache kutoka bomba la maji taka: mizizi hiyo inashikilia udongo, na shimo la mita moja pembeni ya ukuta linaweza kuuangusha. Hapo unaua kisiki na kukiacha kioze chenyewe, udongo ukipata mimea mingine ya kuushika.

Kwa miti inayochipua, dawa ndiyo njia. Mkaratusi, lukina, mwarobaini na mikuyu hutoa machipukizi kwa bidii ukiikata tu. Msonobari na miti mingi ya jamii yake kwa kawaida haichipui kisikini, kwa hiyo usitie sumu mahali ambapo msumeno umeshamaliza kazi.

Sehemu hai ya kisiki ni pete nyembamba chini ya gome. Katikati ni mbao iliyokufa, na dawa unayoimwaga pale inapotea bure. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema "dawa haikufanya kazi".

Glaifoseti ya kawaida yenye gramu 360 kwa lita hupakwa kwenye kisiki bila kuchanganywa, au nusu kwa nusu na maji, kadiri lebo ya chupa inavyoelekeza. Lebo ndiyo inayotawala, si mimi. Paka kwa brashi kwenye sentimita 2 hadi 3 za nje kuzunguka kisiki chote. Kisiki cha chini ya sentimita 10 paka uso mzima. Pawe pamelowa bila kutiririka. Iingie ndani ya dakika 5 tangu kukata, kwa sababu mirija inaanza kujiziba. Ndiyo maana Gogo_Kuu alisema brashi iwe pembeni. Kabla ya kupaka, futa unga wa msumeno, maana unainyonya dawa.

Kisiki cha wiki mbili zilizopita? Kata kipande kipya cha sentimita 3 hadi 5 kutoka juu, upate mbao mbichi, upake papo hapo. Vinginevyo tumia trikilopiri ya aina ya mafuta, ambayo inapita kwenye gome: unapaka pete ya nje, gome la pembeni na mizizi iliyo wazi mpaka kwenye udongo, na hiyo inaweza kuwekwa hata baada ya siku nyingi.

Wakati mzuri ni majani yakiwa yamekomaa na mti unapeleka chakula kwenye mizizi. Mti unapochipuza majani mapya kwa wingi, utomvu unapanda na kuisukuma dawa nje. Kusiwe na mvua kwa saa 6 angalau.

Hatari moja haisemwi vya kutosha: miti ya aina moja iliyo karibu mara nyingi huungana mizizi ardhini. Dawa uliyompa mmoja inaweza kufika kwa jirani yake. Ukiwa na safu ya miti ya aina moja na unataka kutoa mmoja tu, usitumie dawa. Vile vile epuka dawa zenye pikloramu au imazapiri uani, kwa sababu hutembea kwenye udongo na kuchukuliwa na mizizi ya mti usiouhusu.

Glavu za nitrili, miwani, mikono mirefu. Watoto na mifugo wakae mbali mpaka pakauke. Kisha fuatilia kwa miezi 6 hadi 12: chipukizi likitokea, lishughulikie likiwa bado dogo.

#7 Nyasi_Ndefu

Shukrani dada. Vipi hizi za mtaani: chumvi, oili chafu, dizeli, maji ya betri, misumari ya shaba?

#8 Bustani_Kijani

Mkuu, kwa ufupi: zote ziache.

Chumvi inaweza kuua ikiwa nyingi, lakini inaua udongo pamoja na kisiki. Sodiamu inavunja muundo wa mfinyanzi, maji hayapenyi, na hakuna kitakachoota hapo mpaka ichujwe na mvua. Karibu na nyumba, kloridi inakula nondo zilizo kwenye zege. Oili chafu ina metali nzito na inashuka kwenye maji ya ardhini. Dizeli peke yake inaunguza gome na kuacha mizizi hai. Maji ya betri ni asidi, yatakuunguza wewe kabla ya kisiki. Misumari ya shaba haiui mti wenye afya. Mti unaifunika na kuendelea.

Na hili tafadhali lishikwe na kila anayesoma: mbolea za naitreti zisichanganywe kamwe na dizeli, petroli au mafuta mengine yoyote. Mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

#9 Gogo_Kuu

Niongezee kuhusu naitreti, maana unga mwingi unaouzwa kama "dawa ya kisiki" ni naitreti ya potasiamu. Hauui mti. Unasaidia kuozesha kisiki ambacho kimeshakufa, kwa kuwapa kuvu naitrojeni. Soma lebo ujue umenunua cha kuua au cha kuozesha. Ukiweka cha kuozesha kwenye kisiki hai cha mkaratusi, umekirutubisha.

Kuozesha kunakwenda hivi: toboa matundu ya upana wa sentimita 2 hadi 2.5, kina 20 hadi 30, yakipishana sentimita 5 hadi 8. Matundu ya pembeni yaingie kwa mshazari yakutane na ya katikati ili hewa na maji vipite. Jaza unga au urea kwa kiasi, mimina maji ya moto kiyeyuke, funika kwa samadi au udongo na plastiki, na weka unyevu muda wote. Kisiki kikavu hakiozi. Mbao laini inaweza kumeguka kwa shoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Mbao ngumu inaweza kuchukua miaka mingi zaidi. Ndani ya mita chache kutoka nyumbani sikushauri, kwa sababu kisiki kinachooza ni karamu ya mchwa, na kutoka hapo wanatafuta milango yako.

Kuna wanaobandua gome kuzunguka shina na kuacha mti ukauke umesimama. Pete ya sentimita 10 hadi 15 inaua mti polepole, kwa miezi hadi zaidi ya mwaka. Uani ni njia mbaya: mti mkavu unadondosha matawi bila onyo, na siku ya kuuangusha bawaba inakatika badala ya kupinda.

#10 Sururu

Kuchoma, kwa kuwa Gogo_Kuu ameiruka: moto unafuata mizizi. Unaweza kufukuta chini kwa chini kwa siku kadhaa na kujitokeza kwenye uzio, banda au karibu na bomba la plastiki. Udongo wenye mboji nyingi nao unashika moto. Na moshi wa mti wenye sumu ni sumu: mti wa olianda haufai kuchomwa kabisa. Mnyaa nao, hata kuukata tu, utomvu wake ukiingia machoni unaumiza vibaya; vaa miwani na suuza kwa maji mengi mara moja. Kisiki kikavu, mbali na nyumba, bila upepo, maji pembeni, na mamlaka ya eneo ikiruhusu: hapo tu ndipo pa kulifikiria.

#11 Meno_Kumi

Mashine ya kusaga visiki sijaona ikiguswa. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote kwa kisiki kilicho kwenye nyasi.

Pima geti. Mashine ndogo nyingi zinahitaji nafasi ya sentimita 75 hadi 90. Ondoa mawe na vyuma kwenye mita moja kuzunguka kisiki, chimbua udongo juu ya mizizi uone kilichojificha. Ulizia nyaya na mabomba yanapita wapi. Gurudumu la meno halitofautishi mzizi na waya wa umeme. Weka bodi za plaiwudi mbele ya madirisha na magari.

Anza ukingo wa karibu, shusha gurudumu sentimita 2 hivi, peleka kushoto na kulia, shusha tena. Ukifika sentimita 10, songa mbele, halafu rudi uanze raundi ya pili. Anayezamisha gurudumu lote kwa pupa anaukwamisha mkanda au kuvunja meno. Kwa nyasi, saga mpaka sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa ardhi. Kwa kupanda kichaka kingine, 30 au zaidi. Mizizi minene inayojitokeza juu ya nyasi, ifuate nayo.

Jua kwamba kusaga hakuui mizizi iliyobaki. Mti unaochipua kutoka kwenye mizizi, kama mwarobaini, utaendelea kutoa machipukizi mbali na kisiki. Kwa hiyo paka dawa kwanza, subiri majibu, ndipo usage.

Na familia ya mnazi na mitende ina sheria zake. Haina pete hai chini ya gome. Mirija imetawanyika shina zima, kwa hiyo maelezo ya dada Bustani_Kijani kuhusu sentimita 2 za nje hayahusu hapa. Mnazi ukikatwa kichwa hauchipui, hauhitaji dawa. Nyuzi zake zinaziba mashine na kuchosha mnyororo haraka. Mizizi yake ni maelfu ya kamba nyembamba kama penseli, hakuna minene, hivyo sepetu yenye makali na mtaimbo kuzunguka tako vinatosha mara nyingi, na kilichobaki kinaoza haraka kuliko mbao ngumu.

#12 Nyasi_Ndefu

Kisiki changu kitakuwa mita 4 kutoka msingi na udongo wetu ni mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Kuna tatizo?

#13 Gogo_Kuu

Linaweza kuwepo, na ni vizuri umeuliza kabla. Mti mkubwa hunyonya maji mengi kwenye mfinyanzi na kuufanya usinyae. Ukiuondoa, udongo unarudisha maji na kuvimba, na uvimbe huo unaweza kuinua msingi kwa miaka kadhaa. Hatari ni kubwa zaidi kama mti ulikuwepo kabla ya nyumba, kwa sababu msingi ulijengwa juu ya udongo uliokuwa umeshakaushwa. Kama nyumba ndiyo iliyotangulia, wasiwasi unapungua. Mti wako ni wa sentimita 35, si jitu, lakini kwa mfinyanzi wa aina hiyo mwone mhandisi wa ujenzi kwanza, na piga picha za nyufa zote ukiweka rula pembeni ili baadaye ujue ipi ni mpya.

Ukichimbua, usiliache shimo wazi likae na maji karibu na msingi. Lifukie siku hiyo hiyo.

#14 Meno_Kumi

Kufukia nako kuna makosa yake. Toa chenga zote za mbao kwanza. Zikiachwa shimoni, zinaoza, ardhi inabonyea, na vijidudu vya udongo vinavyozila vinanyang'anya nyasi naitrojeni, ndiyo maana unaona duara la njano. Chenga zenyewe tandaza juu ya ardhi chini ya miti mingine kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina.

Shimo la upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60 lina karibu mita 1 ya ujazo. Udongo uliotoka hautatosha, kwa sababu nafasi ya kisiki iko wazi na udongo uliolegezwa hushuka. Leta robo zaidi ya ujazo wa shimo. Tumia udongo wa aina ile ile chini, jaza kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lilowe kidogo na lishindiliwe, na sentimita 15 za juu ziwe udongo mzuri wenye rutuba usioshindiliwa sana. Acha kichuguu cha sentimita 5 hadi 10 juu ya usawa. Baada ya mvua chache kitashuka.

Uyoga ukitokea kwenye nyasi miaka inayofuata, ni mizizi inayooza chini. Uchume kama kuna watoto au mbwa, usimwage dawa. Mti mpya upandwe angalau mita 1 hadi 1.5 pembeni ya kisiki cha zamani. Lakini kama ule wa zamani ulikufa kwa kuvu wa mizizi, weka mti wa aina nyingine kabisa, na mbali zaidi.